Matonga Yaliyofukiwa Uani

Nilijua kuna kitu kimefukiwa kabla sijakiona chenyewe. Mwezi wa tisa ardhi ya Isevya, hapa Tabora, inakuwa ngumu kama sakafu, ukiangusha ndoo inaruka. Sasa asubuhi ile nimetoka kuanika nguo, nakanyaga chini ya kamba, mguu unazama. Kidogo tu, kisigino. Nikarudi nyuma nikaangalia. Pamefagiwa. Tena pamefagiwa vizuri, na mistari ya ufagio imekwenda upande, siyo kama ninavyoivuta mimi.

Nikasimama pale na suruali ya mume wangu mkononi inanidondokea maji miguuni.

Uani kwetu hapaingii mtu wa nje. Tupo sisi wapangaji upande huu, na mama mwenye nyumba upande ule, yeye na kuku wake. Mume wangu ni mtu wa reli, anakaa porini na genge lake wakitengeneza njia, nyumbani anakuja mwisho wa mwezi. Binti yangu wa mwisho bado yuko shule ya msingi, hana nguvu ya kuchimba ardhi ile. Aliyebaki ni mmoja tu. Shangazi.

Ni shangazi wa mume wangu, dada wa baba yake. Mume wangu alimleta kwa basi kutoka vijiji vya Ulyankulu, akaniambia amekuja kutibiwa macho. Kweli macho yalikuwa mekundu, wekundu wa miaka mingi, maana maisha yake yote ameyapitisha mbele ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku, anachochea moto na moshi unamwingia. Lakini mimi nilikuwa na maswali yangu. Mgonjwa wa macho anakuja na sufuria zake zote? Anakuja na picha ya Bikira Maria imetolewa ukutani pamoja na msumari wake? Na kwa nini mume wangu aliponiambia "mkaribishe tu, mama watoto," alikuwa anaangalia dari?

Halafu kulikuwa na kiroba. Kiroba cha mbolea, kimefungwa mdomo kwa kamba ya katani. Nilipotaka kumpokea akakivuta kwake.

"Hicho acha, mkamwana. Hicho changu."

Alipokitua kikalia ko, ko, ko, kama mawe, ila mawe mepesi. Akakisukuma mvunguni mwa kitanda. Sikuuliza. Mkwe hapekuliwi mizigo. Lakini nilisikia.

Mimi huamka alfajiri kusali rozari kabla sijawasha jiko. Tangu shangazi aje, nikifika katikati ya mafumbo nasikia mlango wa uani unafunguliwa taratibu, taratibu ile ya mtu asiyetaka kusikika. Baadaye anarudi, ananawa mikono kwa muda mrefu.

"Mwangaluka, shangazi. Umeamka mapema."

"Mwangaluka, mayu. Mzee halali." Mayu ndiyo mama kwa lugha ya kwao. Anafuta mikono kwenye kanga, anakaa.

Basi siku ile ya kisigino, aliposinzia mchana, nikachukua kijiko cha upawa nikaenda chini ya kamba. Nikachimba. Kijiko kikagota kitu kigumu, na pembeni ya hicho kitu nikaona kitambaa. Nikakivuta. Kilikuwa kitenge changu. Siyo kinachofanana na changu, changu kabisa, kile cha maua ya kijani nilichokata gauni la Pasaka. Mimi nashona cherehani barazani, vipande vinavyobaki naweka kwenye kapu. Mtu alikuwa amechukua kipande cha nguo yangu ya mwilini akakifukia ardhini.

Wewe unayesoma, kama umekulia huku kwetu, sina haja ya kukueleza kilichonipanda kifuani. Kama hukukulia huku, nikueleze: kipande cha nguo ya mtu hakifukiwi bure, kinafukiwa kumroga mwenyewe. Hivyo ndivyo tunavyosikia tangu tukiwa wadogo, hata sisi tunaoshika rozari.

Nikarudisha udongo. Nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima, darasa la jioni, mtoto mgongoni, na mwalimu wetu alikuwa anatugombeza jambo moja kila siku: usijibu kabla hujasoma swali lote. Nikajiambia, hapa sijasoma swali lote. Nitanyamaza, nitaangalia.

Nikaangalia. Kesho yake pale chini ya kamba pamekuwa pagumu, pameshindiliwa, na ukutani mwa bafu pamekuwa laini. Siku zilizofuata pale bafuni pameshindiliwa, palipolainika ni chini ya mpapai. Kitu kile kilikuwa kinahama. Na mimi nikawa nakitazama chakula anachopika shangazi, naonja wa kwanza kabla binti yangu hajala, nikijidai naangalia chumvi.

Siyo mimi peke yangu niliyekuwa naangalia. Mama mwenye nyumba ni mtoto wa mjini hasa. Anapenda kusema babu yake alikuja amebeba mzigo kichwani enzi za misafara, akautua hapa Tabora akakataa kuuinua tena, na tangu siku hiyo hakuna mtu wa ukoo wao aliyeingia porini hata kutafuta kuni. Alinikuta bombani.

"Jirani, yule mgeni wako analima nini uani kwangu?"

"Halimi, mama. Labda anafagia."

"Anafagia kwa jembe?" Akaweka ndoo chini. "Mimi nina dirisha, mwanangu. Na yale macho nimeyaona. Macho yale hayatibiwi hospitali."

"Ni moshi wa bani, mama. Watu wa tumbaku wote wako hivyo."

"Wote? Mbona aliyekimbizwa huko ni yeye?"

Neno lile "amekimbizwa" ndiyo kwanza nalisikia. Alilipata wapi, sijui mpaka leo. Tabora maneno yanafika kabla ya basi.

Wiki hiyo kuku wake wakaanza kuanguka, mmoja mmoja, shingo imepinda. Ni kideri. Kila mwaka kabla ya mvua kinapita na kinamaliza kuku wa mtaa mzima. Lakini mwaka huu mama mwenye nyumba hakutaka kusikia habari ya kideri. Asubuhi nikakuta chumvi imemwagwa mlangoni kwetu, mstari mnene. Akapita mbele ya shangazi bila shikamoo, na shangazi ni mkubwa kwake kwa mbali. Binti yangu akarudi kutoka kucheza analia, wenzake wamemwambia asiwashike mikono. Halafu mama mwenye nyumba akanisimamisha penye karo la kufulia.

"Jumatano jumuiya inasali hapa kwetu. Tukimaliza sala, nitasema mbele ya watu wote. Huyo bibi aondoke. Akikaa yeye, mnaondoka wote."

Nikampigia mume wangu. Nilisikia upepo wa porini nyuma yake, na vyuma vikigongwa.

"Baba watoto, niambie ukweli. Shangazi amekuja kutibiwa, au amekuja kujificha?"

Sauti ya vyuma ikapungua, alikuwa anajitenga na wenzake.

"Kijijini walimwambia mvua za kwanza zisimkute," akasema. "Walikwenda kundi, kisa macho yale. Walisema wakimkuta, hawatasema tena. Nikimrudisha, mama watoto, hamalizi mwezi."

"Na wewe unajua nini kuhusu yeye?"

"Alinilea. Ndiyo ninachojua."

Basi hilo ndilo lililokuwa mkononi mwangu siku ile: bibi mwenye macho mekundu, hana pa kurudi, na chini ya mpapai kuna kitu na kitambaa cha nguo yangu. Nilisali. Kisha nikaona sala nyingine inaweza kuwa njia ya kuahirisha. Nikaenda kumkalia mbele, kwenye mkeka, anachagua mchele kwa vidole maana macho hayaoni chuya.

"Shangazi, unafukia nini uani?"

Vidole vikasimama. Akainua uso, na badala ya kuogopa, akanikazia macho yale kama hakimu.

"Kumbe ni wewe!"

"Mimi nimefanya nini?"

"Mwizi! Umechukua mangapi?"

"Mangapi ya nini, shangazi?"

"Usinidanganye. Nilikuta udongo umechokolewa chini ya kamba. Nikahamisha. Nikasikia huyu wa kuku anachokoachokoa kwa fimbo kule bafuni, nikahamisha tena. Nyumba hii mna mikono mirefu, mayu!" Na anacheka, hana jino la mbele, anacheka mpaka ungo unatikisika. "Matonga yangu hamyapati."

Matonga. Ikabidi nipumue.

Mimi nimekulia mashamba ya Kipalapala, na mtonga naujua: mti mfupi wa porini, gome lake kama limepasukapasuka, na tunda lake mviringo kama chungwa, ila gamba lake ni mti mtupu, huwezi kuliingiza jino. Sisi tulikuwa tunaokota yaliyoanguka yenyewe, ya njano. Kwao shangazi hawasubiri. Wanayachuma ya kijani kabla nyani hawajayawahi, wanayavundika ardhini mpaka yaive. Na kuvundika huko kuna taratibu zake. Kila mtu anafukia yake kwa siri, alfajiri, hamwambii hata mtoto wake wa kumzaa, kwa sababu wengine kazi yao ni kuyatafuta na kuyaiba. Anafukia na kitambaa kidogo cha nguo ya nyumbani kwake, ili akiyakuta kwa mwingine aseme haya ni ya kwangu.

"Sasa mbona kitambaa changu?"

"Mimi nyumba yangu ni ipi sasa?" akajibu, akarudi kwenye mchele.

Lakini nisijifanye nilipoa palepale. Tonga ni tunda la kutiliwa shaka. Embe ukilishika linakwambia. Papai linakwambia kwa harufu. Tonga bichi halisemi kitu. Unaligonga, unalitikisa, liko kimya, na ndani yake kuna mbegu ambazo tangu utotoni tunaambiwa tusizitafune, ni uchungu na ni sumu, unanyonya nyama yake unazitema. Nikawaza, habari ni nzuri, tena ya kuchekesha. Mtu akitaka kunidanganya, si angeleta habari nzuri kama hii?

Nikamuuliza kwa nini wanaibiana, kama ni watu wa kijiji kimoja.

"Ndiyo urafiki wenyewe. Utaibiwa na nani kama siyo anayekupenda? Mimi walikuwa wananiibia mpaka nasaga meno." Akapepeta mchele kidogo. "Miaka hii ya mwisho hakuna aliyeniibia hata moja. Yalibaki hukohuko ardhini, yakaoza."

Hapo nilimwamini. Yapo maneno mtu hawezi kuyatunga.

"Shangazi, Jumatano tutayafukua mbele ya jumuiya."

"Wee! Hayajaiva yote. Na wakipaona mahali pake?"

"Wanataka uondoke. Wanasema unafukia mambo."

Ungo ukashuka mapajani. Akawa anaangalia upande wa mlango, kule kwenye ile chumvi ambayo nilikuwa nimeifagia lakini weupe wake umebaki.

"Hata hapa?" akasema.

Nilichukua ungo nikamalizia mchele mwenyewe.

Jumatano watu walijaa. Kwa kawaida jumuiya yetu ikiwa na watu kumi na tano tunamshukuru Mungu, siku hiyo mikeka haikutosha, wengine walikaa kwenye karo. Habari ilikuwa imetangulia. Tulisali, tukaimba, tukasoma Injili, na macho ya watu yanakwenda kwa shangazi na kurudi kwenye kitabu. Alikaa pembeni peke yake, mkeka mzima.

Sala ilipoisha mama mwenye nyumba akasimama, akashika kiuno. Mimi nikasimama kabla hajafungua mdomo. Nilikuwa nimeshaegesha jembe ukutani. Nikalichukua nikampelekea.

"Mama, uani ni kwako. Chimba."

"Nichimbe mimi? Nishike mimi?"

"Wewe ndiye unayesema kuna kitu. Chimba chini ya mpapai, tukione wote."

Hakulipokea. Nikamtazama mwenyekiti wa jumuiya, mzee wa watu, akaanza kutafuta miwani yake mfukoni. Kila mtu alikuwa na shughuli ghafla. Jembe likabaki mkononi mwangu, na mimi najua kwamba nikichimba mwenyewe watasema nimebadilisha.

Shangazi ndiye aliyeinuka. Akaja akipapasa hewa, akapiga magoti chini ya mpapai, akainamisha uso mpaka pua ikagusa udongo. Akina mama wawili wakajivuta nyuma. Akanusa huku, akanusa kule.

"Haya bado," akasema. "Hapa tayari."

Akachimba kwa mikono. Likatoka la kwanza, njano kabisa. La pili, la tatu. Kile kitambaa changu cha maua ya kijani kikatoka, akakikung'uta akakiweka begani. Harufu ikapanda, harufu tamu ile ya tonga lililoiva. Mwanamke mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Jamani, si matonga haya?"

"Kama ni matonga alificha nini?" mama mwenye nyumba akauliza.

Shangazi akageuza uso upande wa sauti. "Ungejua yalipo, ungeyaacha?"

Watu wakacheka, wakajizuia, wakacheka tena. Mama mwenye nyumba hakucheka.

"Nje ni tonga. Ndani je? Nani anajua amelitia nini?"

"Gamba hili?" Shangazi akaligonga kwa kidole, ko, ko. "Mwanangu, ningekuwa na uwezo wa kuingia humu bila kulivunja, ningekuwa nimeshayala yote tangu siku ya kwanza."

Kicheko kikawa kikubwa. Lakini kucheka siyo kula. Matonga yalikaa pale kwenye mkeka, na hakuna mkono uliokwenda. Nikaona wazi, wakiondoka hapa bila kula, kesho hadithi itakuwa ileile, imeongezwa matunda tu.

Nikachagua moja, nikalipiga kwenye ukingo wa karo mpaka likapasuka. Nikafanya ishara ya msalaba kama kabla ya chakula chochote. Nikatia mbegu moja mdomoni na nyama yake, nikanyonya, nikatema. Kisha nikafanya lile lililokuwa gumu zaidi. Nikamwita binti yangu nikampa nusu ya pili. Akakaa chini na kijiko, akala kama mtoto anavyokula, uso mzima, na watu wote wa jumuiya wamemtazama yeye.

"Mama, kuna lingine?"

Hapo mikono ikaanza kwenda. Mwenyekiti miwani akaipata. Walikula, wakatema mbegu uani, wakaanza kusimuliana ya utotoni mwao, kumbe nusu yao bibi zao walikuwa wanavundika.

Mama mwenye nyumba alichukua moja, la mwisho, akalifunga kwenye pindo la kanga. "Nitakula kwangu," akasema. Mlangoni akanigeukia. "Akae mpaka mvua. Tutaona."

Lile tonga alilipanga dirishani kwake, upande wa ndani wa wavu. Kila asubuhi nikianika nguo naliona, zima, linanitazama. Kuku waliobaki walipona. Kwa macho ya shangazi tulipewa dawa ya matone, yakapungua kuwasha, wekundu ukabaki. Shikamoo haikurudi. Mimi nikawa nahesabu mawingu badala ya siku, kwa sababu mvua ndiyo ilikuwa tarehe yetu, huko kijijini na hapa.

Mvua ya kwanza ilikuja alasiri moja, ndogo, ya kutuliza vumbi. Tulikuwa tumebakiza matonga yale yaliyokuwa bado. Shangazi alikuwa ameyahamisha tena, safari hii karibu na jiko la nje, na mimi hakuniambia, niliona mwenyewe.

Kesho yake nikiwa kwenye rozari nikasikia kelele uani. Nikaruka na shanga mkononi. Nilichowaza, wamekuja kumtoa. Mvua imenyesha na wamekuja.

Shangazi alikuwa amepiga magoti karibu na jiko, mikono imezama mpaka kwenye viwiko.

"Wameiba!" anapiga kelele. "Mkamwana, wameiba! Nilifukia mazuri kabisa hapa, wamebeba mawili! Hata hapa wapo! Hata hapa!" Na uso wake siwezi kuueleza. Sijawahi kuona mtu aliyeibiwa akawa na uso ule.

Dirisha la mama mwenye nyumba likafunguka. Pale ndani ya wavu tonga halikuwepo.

"Kuna nini asubuhi yote hii?"

"Mwizi, mama," nikasema.

"Mtaa huu umeharibika," akajibu, akafunga dirisha.

Nikaangalia chini. Udongo ulikuwa na unyevu, laini. Kutoka pale jikoni alama za kandambili zilikwenda moja kwa moja, zimepita karo, zimepita mpapai, mpaka kwenye ngazi ya mlango ule wa upande wa pili. Kandambili ya kushoto imekatika kisigino. Naijua, mara ngapi imenipita bombani.

Shangazi alianza kupapasa ardhi, anatafuta mwizi alikopitia. Nikachukua ufagio haraka, nikazifagia zote, kuanzia mlangoni kwa mama mwenye nyumba mpaka jikoni, na mistari nikaipeleka upande.